Ukiandikiwa Kosa la Kitanda cha Lori Marekani: Mwongozo Kamili kwa Dereva

Mkaguzi alipanda ngazi ya lori langu, akachungulia nyuma ya kiti, akauliza neti iko wapi. Nilidhani anaulizia neti ya kufungia mzigo, nikamwelekeza kwenye trela. Akatikisa kichwa, akamulika tochi kitandani. Dereva aliyekuwa na lori hilo kabla yangu alikuwa ameikata neti ya kumzuia mtu asirushwe kitandani gari linapofunga breki ghafla. Zilibaki ndoano mbili ukutani, na mimi kwa miezi minne nilikuwa nazitundikia taulo bila kujua kazi yake.

Kosa hilo liliandikwa. Lililonishtua zaidi lilikuja baadaye, pale mkaguzi alipoomba kuona logi yangu, yaani kumbukumbu ya saa zangu za kazi na mapumziko, na kuanza kuhesabu usiku niliolala kwenye kitanda kile. Ndipo nilipoelewa kwamba Marekani kitanda cha lori kinahesabiwa pamoja na saa zako za kazi. Wenzetu wengi wanaoingia kwenye kazi hii, wawe Wakenya wa Dallas, Wakongo wa Iowa na Kentucky au Watanzania waliotawanyika kila jimbo, hufundishwa breki, matairi na taa mpaka wakakariri. Kitanda hakuna anayewafundisha. Mwongozo huu ni kwa ajili yao.

Kwanza elewa kitanda kinavyoshikana na logi

Kanuni za magari ya biashara za Marekani zimo katika juzuu ya 49 ya kanuni za shirikisho, na wanaozisimamia ni FMCSA, idara ya shirikisho ya usalama wa malori na mabasi, pamoja na polisi na wakaguzi wa majimbo. Kitanda kina kanuni yake, namba 393.76. Inataja vipimo, mlango wa kutokea, godoro, hewa, kinga dhidi ya moshi na kizuizi cha kumshika mtu aliyelala.

Kanuni nyingine, 395.2, inaeleza maana ya kitanda kwa ajili ya kuhesabu saa: ni kile kinachokidhi 393.76. Sentensi hiyo fupi ndiyo yenye uzito. Ukibonyeza SB (alama ya kitandani) kwenye ELD, kifaa cha kielektroniki kinachorekodi saa zako, unatangaza kwamba umelala kwenye kitanda kinachokidhi kanuni. Kama hakikidhi, mkaguzi ana hoja ya kusema saa zile si za SB hata kidogo.

Uzito wa hoja hiyo unategemea unavyofanya kazi. Dereva wa peke yake aliyeegesha lori na kupumzika saa 10 mfululizo hana hofu kubwa, kwa sababu muda wa kupumzika ndani ya gari lililoegeshwa hauhesabiwi kuwa wa kazini. Angeandika OFF (nje ya kazi) badala ya SB na bado saa 10 zake zingetimia. (Anayebeba mzigo wa hatari, hasa milipuko, ana masharti ya ziada ya kulinda gari, hivyo yeye asilichukue hili jumla jumla.)

Anayegawa mapumziko yuko mahali pengine kabisa. Tangu tarehe 29 Septemba 2020 unaruhusiwa kuzigawa saa 10 zako mara mbili: kipande kimoja kisichopungua saa 7 mfululizo kitandani, na kingine kisichopungua saa 2 kitandani au nje ya kazi, jumla zikifika 10. Kile kipande cha saa 7 lazima kiwe cha kitandani. OFF haikiokoi.

Chukua mfano huu kwa saa zetu za Kiswahili. Umeanza kazi saa 12 asubuhi, ukaendesha hadi saa 5. Ukapumzika saa tatu, mpaka saa 8 mchana. Ukapakia mzigo hadi saa 10 jioni, kisha ukaendesha mpaka saa 4 usiku. Ukalala kitandani hadi saa 11 alfajiri, yaani saa 7 kamili. Ukikubaliwa mgawanyo wa 3 na 7, zile saa tatu za mchana haziingii kwenye saa 14 za siku yako ya kazi, ambazo zikiisha huruhusiwi tena kuendesha. Kwa hiyo saa 14 zako zilikuwa ziishe saa 5 usiku, na alfajiri unaondoka ukiwa na saa 5 za kuendesha mkononi. Kitanda kikikataliwa, saa 14 zako ziliisha saa 2 usiku. Umeendesha saa mbili za ziada, na ukiwasha gari alfajiri unaendesha bila mapumziko ya saa 10. Neti ya dola chache imezaa makosa mawili ya saa, na dereva anaweza kusimamishwa palepale mpaka amalize kupumzika.

Walio hatarini kuliko wote ni madereva wawili wanaopokezana. Mmoja anaendesha, mwingine amelala huku lori likitembea. Hapa hakuna gari lililoegeshwa la kujitetea nalo. Muda ndani ya lori linalotembea ni wa kazini, isipokuwa uwe kwenye kitanda kinachokidhi kanuni, au kwenye kiti cha abiria kwa muda usiozidi saa 3, tena mara tu kabla au baada ya saa 7 mfululizo za kitandani. Kitanda kikianguka, mapumziko yote ya mwenzako yanaanguka nacho.

Kagua kabla hujakaguliwa

Fanya hivi siku unayokabidhiwa lori, ukiwa bado yadini, kabla hujapandisha begi lako. Unahitaji futi kamba, tochi na simu ya kupigia picha. Dakika kumi na tano zinatosha.

Anza na vipimo. Kitanda kilichofungwa kwenye gari baada ya Septemba 30, 1975, na hivyo ndivyo vilivyo karibu vyote utakavyokutana navyo, lazima kiwe na urefu wa angalau inchi 75, upana inchi 24, na kimo inchi 24. Kwa sentimita ni 190.5 kwa 61 kwa 61. Kimo hakipimwi kutoka sakafuni wala kwenye ubao. Kinapimwa kuanzia juu kabisa ya godoro kwenda dari, au kwenda chini ya kitanda cha pili kama vipo viwili. Watu hujikwaa hapa kwa mikono yao wenyewe. Dereva ananunua godoro nene dukani, analipachika juu ya lile la kiwandani ili mgongo upate raha, na kumbe amekula inchi nane za kimo. Kwenye kabini ndefu za kisasa haidhuru. Kwenye lori la paa fupi, au kitanda cha chini kilichobanwa na cha juu, inaweza kukuingiza kwenye kosa. Pima baada ya kubadilisha godoro.

Godoro lenyewe kanuni imelielezea. La springi linakubalika. La sponji au raba lazima liwe na unene wa inchi 4 au zaidi, karibu sentimita 10. Hata la maji linaruhusiwa, mradi usizame mpaka chini gari likiwa linatembea. Sponji zilizokaa miaka mingi hunywea katikati, kwa hiyo pima pale unapolaza kiuno, usipime pembeni. Mkeka, begi la kulalia juu ya ubao mtupu, au mito ya kochi iliyopangwa, hivyo si godoro.

Matandiko nayo yametajwa: shuka na mablanketi ya kutosha. Nimeona malori yakitolewa yadini na godoro tupu lenye nailoni, dereva akiambiwa atanunua shuka mbele ya safari. Beba zako. Seti moja ya akiba kwenye mfuko usiopitisha maji haina uzito.

Sasa kizuizi. Lori lolote lililotengenezwa kuanzia Julai 1, 1971 na lenye kitanda lazima liwe na kitu cha kumzuia mtu asirushwe nje ya kitanda gari linapopunguza mwendo kwa ghafla. Inaweza kuwa neti, inaweza kuwa mikanda. Sharti ni kwamba kifungwe na kutunzwa kiasi cha kuhimili nguvu ya pauni 6,000 kuelekea mbele, karibu kilo 2,700. Kwa hiyo kamba ya manila uliyoifunga kwenye ndoano za nguo haisaidii kitu. Vuta neti yote mpaka mwisho. Angalia nyuzi zilizochanika, vifungio vilivyovunjika, bolti zilizolegea ukutani na sakafuni. Fungua na ufunge mara tatu. Mara nyingi neti ipo ila imekunjwa na kusukumwa chini ya godoro mpaka imesahaulika. Itoe, iunganishe, iache mahali mkaguzi atakapoiona. Na ukilala lori likitembea, ifunge. Wewe ndiye utakayepaa kwenda kwenye kioo cha mbele, si mkaguzi.

Mlango wa kutokea: kati ya kitanda na kiti cha dereva pawe na uwazi wa angalau inchi 18 kwenda juu na 36 kwa upana. Kiwandani uwazi huo upo. Tunaoubana ni sisi, kwa katoni za maji, jokofu dogo, meza, viatu, na magunia ya unga kwa wale tunaopika ugali barabarani. Kanuni inataka kuingia na kutoka kusizuiwe bila sababu. Jaribu mwenyewe: lala, fumba macho, kisha toka mpaka kwenye kiti bila kugusa taa. Ukikwama, hamisha vitu.

Halafu hewa na maji. Kitanda kiwe na matundu au njia nyingine ya kuingiza hewa, na wakati huohuo kisipitishe vumbi wala mvua kupita kiasi. Mwaga maji juu ya milango ya pembeni na ya makabati ya nje, kisha pitisha kiganja kwenye kona za godoro. Unyevu maana yake raba ya mlango imekufa.

Moshi nimeuacha wa mwisho kwa sababu unahitaji utulivu. Kanuni inasema kitanda kiwe mahali ambapo uvujaji wa ekzosi au wa mafuta hauwezi kuingiza gesi kwa mtu aliyelala. Na katika viwango vya ukaguzi wa kila mwaka, ekzosi inayovuja mbele ya kabini na kitanda au moja kwa moja chini yake inaliangusha gari zima. Gesi ya monoksidi ya kaboni inayotoka kwenye injini haina harufu wala rangi. Mtu aliyelala hajui anakufa. Washa injini, zunguka ukisikiliza mlio wa kupuliza kwenye maungio ya bomba, tafuta masizi meusi kwenye vibano na mabomba. Ndani, inua zulia chini ya kitanda uone kama kuna matundu yaliyoachwa wazi na fundi aliyepitisha nyaya. Nunua kengele ya kugundua monoksidi, ya betri, uibandike karibu na kichwa chako. Sheria hii haikulazimishi, mimi nakusihi.

Wakati wa baridi kuna jaribu la kuingiza hita ya gesi ya kambini au jiko dogo lenye moto wa wazi. Kanuni 393.77 inakataza hita za moto usiofunikwa, na pia hita yoyote ambayo haijafungwa imara kwenye gari. Hita ya dizeli iliyofungwa na fundi na yenye bomba lake la kutolea moshi nje ndiyo njia salama.

Kama unaendesha lori la mwili mmoja, lisilo na trela, ambalo kitanda kimejengwa upande wa mzigo, una mambo mawili zaidi ya kuangalia. Kitanda lazima kitenganishwe imara na sehemu ya mzigo na kiwe kwenye kabini au kuigusa. Na kama hakina njia ya moja kwa moja kwenda kwa dereva, lazima kuwe na njia ya mawasiliano: simu, kengele, hata kamba ya kuvuta. Kitanda ndani ya trela ya mizigo hakiruhusiwi kabisa, hata kiwe kizuri namna gani.

Piga picha kila kitu, futi kamba ikionekana kwenye picha. Kasoro ukiiona, iandike kwenye ripoti ya dereva ya hali ya gari. Kitanda hakimo katika ile orodha ya vifaa inayotajwa na kanuni 396.11, na baadhi ya wasimamizi watakuambia kwa hiyo hakiandikwi. Usikubali. Kanuni hiyohiyo inakutaka uandike kasoro yoyote inayoathiri usalama wa uendeshaji, na neti iliyokatwa inamhusu mtu aliyelala lori likiwa maili 65 kwa saa. Kampuni ikishapokea ripoti hiyo lazima ithibitishe kwa maandishi kwamba imetengeneza, au kwamba matengenezo hayakuhitajika. Nakala yako ni ngao yako.

Umesimamishwa: hatua kwa hatua

Kwenye mizani au pembeni mwa barabara, zima redio, vuta breki, weka mikono panapoonekana. Wengine wataniambia haya yanajulikana, lakini mkaguzi aliyepokelewa kwa utulivu hukagua kwa utulivu.

Lugha. Tangu Juni 25, 2025 dereva asiyeweza kujibu maswali ya kikazi kwa Kiingereza kwenye ukaguzi anaweza kusimamishwa palepale. Sharti la Kiingereza lilikuwepo miaka mingi katika kanuni 391.11, ila sasa linakaziwa. Hivyo jifunze kuyataja kwa Kiingereza godoro, neti, kifungio, mlango wa kutokea na bomba la moshi, na uweze kueleza ulilala wapi na saa ngapi. Fanya mazoezi na mwenzako mkiwa mmeegesha. Usitegemee programu ya tafsiri ya simu.

Mkaguzi akitaja kosa la kitanda, usibishane na usikiri zaidi ya kinachoonekana. Muulize kwa adabu ni kifungu gani cha 393.76, kwa sababu kina herufi kuanzia (a) hadi (h) na kila moja ni jambo tofauti: (a) vipimo, (c) mlango wa kutokea, (e) godoro na matandiko, (f) hewa, (g) moshi na mafuta, (h) kizuizi. Bila kujua herufi hutajua utengeneze nini wala upinge nini.

Kama neti ipo chini ya godoro, sema, na uombe kumwonyesha ikifungwa na kufanya kazi. Kama amepima kimo au upana, omba kwa upole aonyeshe alipoanzia. Akikataa, nyamaza. Huo si uwanja wa kesi.

Unaweza kurekebisha palepale, kwa mfano kutandika shuka zilizokuwa kabatini, na fanya hivyo. Fahamu tu kwamba anachoandika ni kile alichokikuta, hivyo kurekebisha hakufuti maandishi.

Kabla hajaondoka, soma karatasi ya ukaguzi mstari kwa mstari. Angalia mambo matatu. Je, jina la kampuni na namba ya DOT, ile inayoitambulisha kampuni serikalini, ni sahihi? Wanaoendesha chini ya kampuni ya kukodi hujikuta wameandikwa kwa kampuni siyo. Je, kosa limewekewa alama ya kusimamisha gari au dereva? Na je, umepewa pia hati ya faini, au ni karatasi ya ukaguzi peke yake? Hivi viwili ni vitu tofauti na tutavirudia.

Kama kuna alama ya kusimamisha, usisogeze lori hata futi kumi mpaka matengenezo yaliyotajwa yakamilike au saa zako zitimie. Dispacha, yaani mpangaji wa safari zako, akikupigia na kusema mteja anasubiri, mwambie hapana. Dereva akitiwa hatiani kwa kuvunja amri hiyo, leseni yake ya biashara inafungwa siku 180 hadi mwaka mmoja kwa mara ya kwanza. Mara ya pili ndani ya miaka kumi ni miaka miwili hadi mitano. Hakuna mzigo unaofikia bei hiyo.

Ukiwa peke yako tena, piga picha za kitanda kama kilivyo, kabla hujagusa kitu kingine: pande zote, godoro likipimwa, dari ikipimwa, ndoano na bolti kwa karibu. Andika kwenye simu yako saa, mahali, na maneno mliyoambizana. Baada ya wiki mbili utakuwa umesahau nusu.

Karatasi ina saa yake

Dereva anatakiwa kuifikisha karatasi ya ukaguzi kwa kampuni anapofika kwenye yadi au kituo chake kinachofuata. Kama hatafika ndani ya saa 24, aitume mara moja kwa posta, faksi au njia nyingine. Siku hizi picha iliyo wazi kwa barua pepe inatosha kazi, lakini tuma kwa idara ya usalama, si kwa dispacha pekee, na hifadhi uthibitisho wa kutuma.

Kampuni kwa upande wake inatakiwa kutengeneza kasoro, kusaini sehemu yake, na kuirudisha karatasi kwa mamlaka iliyokagua ndani ya siku 15 tangu siku ya ukaguzi. Nakala inakaa kwenye faili miezi 12. Kama lori ni lako na unatumia namba yako mwenyewe ya DOT, basi kampuni ni wewe, na siku 15 ni zako. Nimewaona ndugu zetu waliotoka kuajiriwa wakanunua lori lao la kwanza, wakaiacha karatasi kwenye kabati la glavu wakidhani mtu fulani ofisini ataishughulikia. Hakuna ofisi tena. Weka kikumbusho kwenye simu siku hiyohiyo.

Unapotengeneza, dai risiti inayotaja kilichofanyika: neti mpya, imefungwa kwa bolti za aina gani, kwenye lori lenye namba gani ya utambulisho, tarehe. Risiti inayosema tu matengenezo ya kabini haitakusaidia. Nunua kizuizi kilichotengenezwa kwa ajili ya muundo wa lori lako na kifungwe kwenye sehemu zake za asili. Ukitoboa ukuta mwembamba wa kabini na kuweka skrubu za mbao, hutazifikia zile pauni 6,000.

Kama umepewa hati ya faini, usikimbilie kulipa ili yaishe. Kulipa ni kukubali kosa. Soma tarehe ya mahakama, uliza gharama ya wakili anayejua kesi za leseni za biashara katika kaunti ile, kisha amua. Kosa la kifaa likifutwa mahakamani, hukumu hiyo inaweza kutumika kusafisha rekodi ya ukaguzi, jambo ambalo huwezi kulipata ukishalipa.

Kupinga kilichoandikwa kimakosa

Makosa ya vifaa yanaingia kwenye alama za usalama za kampuni na kukaa miezi 24, na ya miezi sita ya karibuni yana uzito mara tatu. Kwako wewe, ukaguzi unaonekana kwa miaka mitatu kwenye PSP, rekodi ya usalama ya dereva mmoja mmoja, na waajiri wengi huiangalia kabla ya kukuita. Iombe mwenyewe uone inasema nini.

Kama kosa liliandikwa isivyo, njia ni DataQs, mfumo wa FMCSA wa mtandaoni wa kuomba rekodi ipitiwe upya. Dereva anaweza kujisajili na kuwasilisha mwenyewe, hahitaji ruhusa ya kampuni. Ombi la kupitia ukaguzi linapokelewa ndani ya miaka mitatu, lakini usingoje. Linarudishwa kwa jimbo lililokukagua, na mara nyingi idara ileile ndiyo inayolijibu. Kwa hiyo liandike kama unavyoandika kwa mtu mwenye akili asiyekufahamu: namba ya ripoti, tarehe, herufi ya kifungu, kanuni inavyosema, kilichokuwepo kwenye lori, na picha. Hasira haina kisanduku kwenye fomu ile.

Hoja zinazosimama ni chache. Kipimo kilichukuliwa mahali pasipo sahihi. Kizuizi kilikuwepo na picha za siku ileile zinaonyesha. Kifungu cha vitanda vya zama nyingine kilitumika. Kampuni au dereva si yeye. Kosa limeandikwa mara mbili. Mahakama imelifuta. Hoja isiyosimama ni kwamba umeshatengeneza. Hiyo ni ya kwenye ile karatasi ya siku 15.

Kosa la lori langu lile la neti iliyokatwa sikulipinga. Kosa lilikuwa la kweli.

Ukilazimishwa kulala na kuendesha hivyohivyo

Sehemu hii nimeiandika kwa ajili ya wageni wa nchi, ambao wanaogopa kuliko wengine. Umeripoti neti imekatika au moshi unaingia kitandani, unaambiwa nenda kwanza, utatengenezewa wiki ijayo. Jibu kwa maandishi, kwa ujumbe wa simu au wa kwenye kifaa cha lori. Taja lori, kasoro, kifungu, na useme uko tayari kuendelea pindi itakapotengenezwa au ukilipiwa chumba cha hoteli upate saa zako 10. Kwa dereva wa peke yake suluhisho hilo la hoteli ni halali kabisa: andika OFF, lala huko hotelini, endelea asubuhi. Kwa moshi unaoingia ndani hakuna suluhisho la hoteli. Lori lisitembee.

Ukifukuzwa au kunyimwa mizigo kwa kukataa kuvunja kanuni ya usalama, sheria ya shirikisho iitwayo STAA inakulinda, na malalamiko yanapelekwa OSHA, idara ya usalama kazini, ndani ya siku 180. Malalamiko ya kulazimishwa kuvunja kanuni yanapelekwa FMCSA ndani ya siku 90, chini ya kanuni iliyoanza Januari 2016, na inamgusa hata wakala wa mizigo na mwenye mzigo, si mwajiri tu. Hesabu siku kuanzia tukio lenyewe.

Ujumbe wako uutume ukiwa umeegesha, na kabla ya kulala upige picha ya skrini ukaitume kwenye barua pepe yako binafsi. Lori likichukuliwa, kifaa cha lori kinaondoka nalo.